Kinywa kikisumbua nawe unaishi na virusi: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Washa tochi ya simu, tafuta kioo, nawa mikono, kisha chukua kipande cha shashi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Hivyo vinatosha kuanzia. Nilianza kazi ya afya ya kinywa Kisumu, sasa niko Nakuru, na kote nimeona jambo lile lile: mtu anayeishi na HIV, au mwenye homa ya ini aina ya B au C, anaumwa kinywa, anapitia kemisti, anauziwa kitu, anapata nafuu siku nne, tatizo linarudi. Tatizo hurudi kwa sababu hakuna aliyeuliza lilitoka wapi.

Mimi huuliza maswali matatu kabla ya kutaja dawa yoyote. Je, ulichokiona kinywani kinatoka ukikipangusa? Kiko upande mmoja au pande zote mbili? Kimekaa siku ngapi? Majibu yake yanatenganisha magonjwa mengi kabla hata hujafika kliniki. Na tangu sasa nikuombe jambo moja: hata kinywa kikuume namna gani, usiache ARV zako kwa uamuzi wako mwenyewe. Hali moja tu ndiyo inayotaka daktari aamue haraka juu ya dawa, na nitaieleza kwenye vidonda.

Utando mweupe

Pangusa polepole. Ukibanduka kama maziwa yaliyoganda na kuacha ngozi nyekundu, pengine na tone la damu, hiyo ni fangasi iitwayo kandida. Watu wengi wanayo kinywani bila kujua, na kinga ya mwili huizuia isizidi. Wakati mwingine haina weupe wowote: kaakaa au ulimi huwa mwekundu, laini, na chakula chenye pilipili huwasha kuliko kawaida. Ni kandida ile ile. Pembe za mdomo zikipasuka pande zote mbili na kuuma unapopiga miayo, mara nyingi ni yenyewe pia, na krimu ya mikonazoli au klotrimazoli husaidia.

Tiba ya kawaida ni nistatini ya maji, yuniti 100,000 kwa mililita. Mtu mzima hutumia mililita 4 hadi 6, mara 4 kwa siku, kwa siku 7 hadi 14. Nimewaona wengi waliosema dawa hii haifanyi kazi, na walipoieleza namna walivyoitumia, kosa lilikuwa hapo. Wanaimeza mara moja kama dawa ya kikohozi. Wanateremsha na chai. Wanaacha siku ya tatu utando ukishapotea. Nistatini hufanya kazi mahali inapogusa tu, kwa hiyo izungushe kinywani kwa dakika kadhaa kabla ya kuimeza, kaa nusu saa bila kula wala kunywa, na uendelee siku 2 zaidi baada ya kinywa kuonekana safi. Mwenye meno ya bandia ayatoe kwanza, na usiku asilale nayo, maana fangasi hujificha kwenye plastiki na kurudi asubuhi.

Flukonazoli, miligramu 100 hadi 200 mara moja kwa siku kwa siku 7 hadi 14, ina nguvu zaidi, lakini hii iandikwe na mhudumu anayekujua. Mjamzito aseme kwamba ana mimba. Mwenye ini bovu aseme. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini aseme, kwa kuwa rifampisini hupunguza flukonazoli mwilini.

Sasa chanzo. Ikiwa juzi ulimeza antibayotiki, au unatumia dawa ya pumu ya kuvuta bila kusukutua baadaye, au una kisukari kisichodhibitiwa, anzia hapo. Lakini mtu aliye kwenye ARV kwa miezi mingi akipata utando huu bila sababu hizo, swali la kwanza ni wingi wa virusi. Namkumbuka mama mmoja muuza omena wa soko la Kibuye. Alikuwa amemaliza chupa tatu za nistatini ndani ya miezi miwili. Kila alikopita aliandikiwa chupa nyingine. Tulipokaa naye bila haraka akasema wifi yake alikuwa amehamia kwake, naye hakutaka wifi aone dawa, kwa hiyo alizificha kwa jirani, na alfajiri akienda Dunga kuchukua samaki hakuwa na njia ya kuzipata. Kipimo kilionyesha virusi viko juu. Alisaidiwa kupanga muda mwingine wa kumeza na mahali pa kuweka dawa, virusi vikashuka, na utando haukurudi. Nistatini ilikuwa dawa sahihi tangu mwanzo, ila haikuwa dawa ya chanzo.

Ikiwa una utando huu na hujawahi kupimwa HIV, nenda ukapimwe wiki hii.

Kumeza kukianza kuuma, chakula kikikwama nyuma ya kifua, fangasi imeshuka kwenye umio. Shirika la Afya Duniani huihesabu hali hiyo katika hatua ya 4 ya ugonjwa wa HIV, iliyo ya mwisho, wakati utando wa kinywani usioisha uko hatua ya 3. Nistatini haitoshi hapa. Huhitajika flukonazoli ya wiki 2 hadi 3, pamoja na kupimwa CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, kwa sababu mwenye CD4 chini ya 200 hupimwa pia maambukizi mengine yanayojificha, hasa fangasi ya ubongo.

Na usipobanduka? Angalia uko wapi. Weupe ulio pembeni mwa ulimi wenye mistari iliyosimama kama matuta ya shamba ni kazi ya virusi vya Epstein-Barr. Hauumi, hauhitaji dawa, na hupungua kinga ikipanda. Usikubali kuuziwa nistatini kwa ajili yake, ila upeleke kliniki kama ishara kwamba kinga iliteremka. Michirizi myeupe kama wavu ndani ya mashavu yote mawili, mara nyingine yenye kuwasha, ni ugonjwa unaoitwa laikeni, na wenye homa ya ini aina ya C huupata kuliko wengine. Daktari wa meno huutuliza kwa dawa ya steroidi ya kupaka. Kiraka kimoja tu cheupe, hasa mahali unapoweka kuberi au ugoro, kikatwe kipande kikapimwe. Hicho usikisubirie.

Fizi zinatoka damu na kinywa kinanuka

Damu kidogo unapopiga mswaki, bila maumivu, kwa kawaida ni utando wa bakteria ulioganda ukawa ugaga. Kila mtu huupata, mwenye virusi na asiye navyo. Dawa yake ni kusafishwa na mtaalamu na kupiga mswaki vizuri, na mswaki wa mti unafaa ukiuchezesha kwenye ukingo wa fizi badala ya kusugua uso wa meno tu. Watu huacha kupiga mswaki pale panapotoka damu. Ndipo hasa panapouhitaji.

Tofautisha na hali hii: maumivu makali yaliyoanza ndani ya siku chache, damu inayotoka yenyewe hata usiku ukikuta mto una madoa, harufu ambayo watu wa nyumbani wameanza kuikwepa, na nyama ndogo zilizochongoka kati ya meno zimeliwa, zimekuwa bapa na zina ukoko wa kijivu. Hapo fizi zinaoza. Kinga dhaifu, lishe duni, sigara na kukosa usingizi hukutana na bakteria, na mfupa wa taya unaweza kuliwa ndani ya wiki chache hadi meno yakalegea.

Anza leo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kijiko kidogo kwenye glasi. Ongeza klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10, asubuhi na jioni kwa dakika moja, lakini si mara tu baada ya dawa ya meno. Acha nusu saa ipite, maana dawa ya meno huipunguza nguvu. Usiitumie zaidi ya wiki mbili hivi bila ushauri kwa sababu huacha madoa ya kahawia. Kisha nenda usafishwe, kwa kuwa hakuna kidonge kinachoondoa nyama iliyokufa na ugaga. Utakayemwona kwa kawaida ataongeza metronidazoli, miligramu 400 mara 3 kwa siku kwa siku 5 hivi. Hiyo haipatani na pombe kabisa, busaa na chang'aa zikiwemo: utatapika na moyo utakwenda mbio. Ukimaliza, rudi kwenye kliniki ya ARV upimwe wingi wa virusi, kwa sababu ni nadra fizi kufika huko kinga ikiwa imara.

Mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akionyesha fizi za namna hii na shavu limeanza kuvimba au kuwa na doa jeusi, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Ni noma, ugonjwa unaotoboa uso, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2023 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukishikwa mapema unatibika kwa antibayotiki, usafi na lishe.

Jino linauma lakini halina tundu

Sehemu hii naiandika kwa uzito kwa sababu ya dereva mmoja wa matatu za Kisumu. Upande wa kushoto wa taya ya juu uliwaka moto kwa siku mbili. Aling'olewa jino moja, maumivu hayakukoma, akang'olewa la pili. Siku ya nne malengelenge yakatokea shavuni na kwenye kaakaa, upande huo huo tu, yakaishia katikati ya uso kana kwamba mtu amechora mstari. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Meno yake mawili yalikuwa mazima.

Virusi vya tetekuwanga hulala kwenye mishipa ya fahamu miaka mingi na kuamka kinga ikishuka, na maumivu hutangulia malengelenge. Kwa hiyo ikiwa jino linauma bila tundu, bila kuvimba, haliumi zaidi ukiligonga, na ngozi ya uso upande huo inawasha au kuchoma hata ukiigusa kwa kitambaa, mwombe mhudumu asubiri siku mbili tatu kabla ya kung'oa. Malengelenge yakitoka, asikloviri ya miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Yakifika kwenye ncha ya pua au kope, jicho liko hatarini; muone daktari wa macho bila kulala.

Maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona, kuna dawa za mishipa. Mojawapo ni kabamazepini, na hapa tahadhari: hupunguza dolutegraviri mwilini, dawa iliyomo kwenye TLD, kidonge cha ARV ambacho wengi wetu Kenya wanakimeza. Anayekuandikia lazima ajue unatumia nini.

Jino lenye tundu linalouma usiku na kwa kitu cha moto ni habari ya kawaida: lizibwe, litibiwe mzizi au ling'olewe. HIV iliyodhibitiwa haizuii kung'oa jino wala haidai antibayotiki za ziada. Uvimbe chini ya kidevu unaoinua ulimi, mate yakidondoka na pumzi ikiwa nzito, ni dharura ya dakika hiyo, si ya kesho.

Vidonda

Hesabu siku. Kidonda cha duara chenye kingo nyekundu ndani ya mdomo au shavu, kilichoanza juzi, huenda kikapona chenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Vidonda vidogo vingi vilivyokusanyika kwenye kaakaa gumu au fizi, baada ya malengelenge madogo, mara nyingi ni hepesi. Asikloviri ya miligramu 400 mara 3 kwa siku kwa siku 5 hadi 10 huisaidia. Hepesi iliyopita mwezi mmoja bila kupona ni ishara kubwa ya kinga kuanguka.

Kidonda chochote kilichopita wiki mbili kikatwe kipande kipimwe. Kinaweza kuwa kaswende, ambayo mara nyingi haiumi, au kifua kikuu, au saratani. Kwa macho tu hata mwenye uzoefu hukosea.

Wengine hutuliza vidonda kwa kusukutua na kumeza dawa ya maji ya kiungulia. Ina magnesi na alumini, na hizo hushika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza ARV saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

Na sasa ile hali niliyoitaja mwanzoni. Vidonda vilivyoenea kinywani na midomoni kwa ghafla, pamoja na homa, macho mekundu, na ngozi inayotoa malengelenge au kuchubuka, katika wiki za kwanza za dawa mpya kama Septrin au nevirapini, ni mzio mkali. Usimeze dozi nyingine kabla hujaonwa, na uende hospitali saa hiyo hiyo na pakiti za dawa zote.

Doa la zambarau kwenye kaakaa

Haliumi, halitoki ukipangusa, ukilibonyeza halififii. Shuku saratani ya Kaposi, inayosababishwa na virusi vya hepesi namba 8. Kule magharibi mwa Kenya tumeiona sana. ARV peke yake huirudisha nyuma kwa baadhi ya watu, wengine huhitaji dawa za saratani. Usiache kituo kidogo kikukawize kwa antibayotiki. Omba rufaa, iwe hospitali ya Jaramogi ambayo Kisumu wanaiita Russia, Level 5 ya Nakuru, au ya Moi kule Eldoret.

Madoa ya kahawia au meusi bapa kwenye fizi na kucha ni jambo jingine. Yanaweza kuwa rangi ya asili, au ya dawa ya zidovudini, na hayana madhara. Vijinyama kama koliflawa ni virusi vya HPV; huondolewa, ila hupenda kurudi.

Kinywa kikavu, meno yanaoza shingoni

Mate ndiyo yanayolinda meno. Yakikauka, meno huoza pale yanapokutana na fizi, mahali ambapo kwa kawaida hayaozi kwanza. Tafuta chanzo: tezi za mate zilizovimba chini ya masikio pande zote mbili, jambo ambalo HIV husababisha hasa kwa watoto, homa ya ini aina ya C, amitriptilini inayoandikwa kwa ganzi ya miguu au usingizi, miraa, tena ikisindikizwa na soda. Kunywa maji mara kwa mara kwa funda ndogo, tafuna bazoka isiyo na sukari, na utumie dawa ya meno yenye floraidi usiku, uteme bila kusukutua kwa maji.

Nikiwa Nakuru lazima niseme hili. Wengi wamenijia na meno ya kahawia yenye mabaka wakiamini ARV zimewaharibu, na mmoja alikuwa amefikia kuziacha. Rangi ile ni ya maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, na anayeyanywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya taya, huota meno yenye madoa. Ukikulia Njoro, Gilgil au Naivasha, huenda ndugu zako wasio na virusi wana meno hayo hayo. ARV ulizoanza ukubwani haziwezi kuyatia rangi ile.

Damu haikomi baada ya kung'oa

Uma shashi kwa nguvu kwa dakika 30 bila kuchungulia. Usisukutue kwa saa 24. Ikiendelea, rudi ulikong'olewa.

Mwenye homa ya ini ya muda mrefu asisubiri kufika hapo. Ini hutengeneza viini vya kugandisha damu, na likiwa na makovu damu huchelewa kuganda, chembe sahani, zinazosaidia kuigandisha, nazo hupungua. Mwambie anayekung'oa mapema ili upimwe damu kwanza. Kwa maumivu, mwenye ini lenye makovu asipite gramu 2 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, na akwepe aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hata asiye na tatizo la ini, akiwa anameza tenofoviri, ambayo pia imo kwenye TLD, asizoee diklofenaki siku nyingi mfululizo, figo zitaumia. Mwenye homa ya ini B pamoja na HIV akumbuke kwamba TLD inatibu zote mbili. Akiiacha, ini linaweza kuwaka ghafla.

Usishiriki mswaki na mtu. Virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili angalau siku 7. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14; watu wazima wa nyumbani wakapimwe nao wachanjwe.

Unaweza kuogopa kusema hali yako. Nimewahi kumpokea mama aliyerudishwa nyumbani na shavu limevimba baada ya kuitaja. Hilo lilikuwa kosa la aliyemrudisha. Vifaa husafishwa kwa namna moja kwa kila mgonjwa, na glavu huvaliwa kwa kila mgonjwa. Ukikataliwa, omba kuonana na msimamizi wa kituo, au rudi kliniki yako ya ARV wakuandikie barua. Beba kadi ya kliniki na vidonge vyenyewe.

Mtoto aliye kwenye dawa

Dawa nyingi za maji zina sukari, nistatini mara nyingi ikiwemo, na wazazi wengi huongeza peremende kufukuza uchungu. Mpe maji anywe baada ya dozi, ila kwa nistatini ngoja ile nusu saa ipite kwanza, na badala ya peremende mpe kipande cha tunda. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na ya njegere baada ya hapo. Mara moja kwa wiki mlaze mapajani, inua mdomo wake wa juu, mulika. Mstari mweupe uliofifia kandokando ya fizi ni mwanzo wa kuoza, na hapo jino bado linaweza kuokolewa bila kutobolewa.